ii, irssi au WeeChat: uchague ipi kwa soga za teminali?

Siku ya kwanza kutumia ii, programu ndogo ya soga, niliandika `cd #debian` nikitaka kuingia kwenye folda ya chaneli hiyo, yaani chumba cha soga. Hakuna kosa lililoonyeshwa, na sikuingia. Nikajikuta kwenye folda yangu ya nyumbani. Nikarudi, nikaandika tena, nikajikuta tena nyumbani. Robo saa nzima nailaumu programu ya watu. Kumbe bash, programu inayopokea amri za teminali, ikikuta alama ya # mwanzoni mwa neno inaichukulia kuwa maelezo ya pembeni na kuruka kila kinachofuata. Ilikuwa inaona `cd` tupu, na `cd` tupu maana yake ni rudi kwako. Nilitakiwa kuandika `cd '#debian'`, basi.

Kwenye irssi au WeeChat huwezi kukwama mahali kama hapo, kwa sababu huko chaneli ni dirisha la programu. Kwenye ii chaneli ni folda, na folda inakuja na masharti yake yote ya folda. Kila kazi ambayo mwandishi wa programu ndogo amekataa kuifanya inahamia mezani kwako. Watu wengi wanaoniuliza waanze na ipi huanza kwa kulinganisha ukubwa wa programu. Mimi huwauliza wako tayari kubeba kazi zipi wenyewe.

IRC kwa ufupi, kwa aliyeisikia tu

Programu zote hizi zinaongea IRC, mfumo wa soga za maandishi kwenye mtandao. Aliyeitengeneza ni Jarkko Oikarinen, akiwa Chuo Kikuu cha Oulu, Finland, Agosti 1988, na kanuni zake zikaandikwa mwaka 1993 kwenye waraka unaoitwa RFC 1459. Ujumbe mmoja hauzidi baiti 512, pamoja na alama za mwisho wa mstari. Ndiyo maana IRC haili bando: maongezi ya siku nzima kwenye chaneli ya kawaida hayafiki uzito wa video moja ya harusi uliyorushiwa kwenye kundi la familia.

Watu bado wapo? Wapo, hasa wa programu huria. Debian, watengenezaji wa mfumo wa Linux, wako kwenye mtandao wa OFTC. Miradi mingi mingine iko Libera.Chat, mtandao ulioanzishwa Mei 2021 na watu waliokuwa wakijitolea kuendesha freenode, mtandao mwingine wa IRC, walipoondoka kwa mgogoro wa nani anaimiliki.

Kuna jambo moja ambalo mtu aliyezoea WhatsApp humshangaza, nalo ndilo linaloamua mengine yote hapa: kwenye mitandao kama hiyo miwili, seva haikuwekei ujumbe wa chaneli. Ukitoka, yanayosemwa nyuma yako yamekupita. Umeuliza swali saa nne usiku, anayelijua jibu yuko Ujerumani na amelala. Akiamka akujibu wakati umeshazima laptopu, jibu lake linakwenda hewani. Kwa hiyo programu yako inatakiwa ikeshe. Na laptopu inayotegemea hotspoti ya simu, kwenye mtaa ambao umeme unakatika bila kuaga, si mahali pa kukeshea. Wengi wetu tunaishia kuiweka kwenye seva ndogo ya kukodi, au kwenye kompyuta ya zamani iliyoachwa ikiwaka ofisini, kisha tunaingia humo kwa ssh, njia ya kuingia kompyuta ya mbali kupitia teminali.

ii: chaneli ni folda

ii inatoka kwa suckless, kundi la watengeneza programu ndogo. Imeandikwa kwa C, haina rangi, haina menyu, haina hata skrini yake. Ukiianzisha hivi:

`ii -s irc.oftc.net -n jinalako &`

hutaona kitu. Imekwenda kutengeneza folda `~/irc/irc.oftc.net` na kuweka humo vitu viwili, `in` na `out`. `out` ni faili la kawaida. Kila kinachosemwa kinaongezwa chini yake. `in` ni bomba: unachomimina upande wako, ii inakikinga upande wa pili na kukipeleka kwenye seva. Kuingia chaneli unamimina amri:

`echo '/j #debian' > ~/irc/irc.oftc.net/in`

Inazaliwa folda nyingine, `#debian`, yenye `in` na `out` zake. Kusoma ni `tail -f out`. Kusema ni `echo 'habari za asubuhi' > in`. Umemaliza kuijua.

Utamu wake unauona pale unapogundua kwamba kila chombo ulichonacho tayari kwenye Unix kimeshakuwa sehemu ya programu ya soga. Unatafuta kilichosemwa mwezi uliopita kuhusu kadi yako ya wifi? `grep`. Unataka kujua nani anaongea zaidi? `awk` na `sort`. Skripti yangu ya chelezo (backup) inayokimbia usiku ina mstari mmoja mwishoni:

`echo "chelezo tayari $(date +%R)" > "$HOME/irc/irc.oftc.net/#chaneliyetu/in"`

na asubuhi wenzangu wanaona imeisha saa ngapi. Skripti yenyewe haijui IRC ni nini. Inajua kuandika kwenye faili tu. Kitu cha namna hiyo kwenye irssi ningekiandikia skripti ya Perl. WeeChat, niseme ukweli, nayo inakuja na bomba lake la kupokea maandishi kutoka nje, lakini huko ni dirisha la nyongeza ubavuni mwa nyumba. Kwa ii ndio mlango.

Sasa bei yake. Mstari wa `out` unaonekana hivi:

`1718000000 <asha> umejaribu kuwasha upya?`

Namba hiyo ndefu ni sekunde tangu mwanzo wa 1970. Ukitaka kujua ni lini, kwenye Linux unaandika `date -d @1718000000`, na kwa saa za Afrika Mashariki inakujibu Juni 10, 2024, saa tatu na dakika kumi na tatu asubuhi. Kompyuta inafurahi, jicho lako halifurahi. Utaandika kipande cha `awk` cha kuzigeuza. Kisha utagundua hakuna anayekwambia jina lako limetajwa, utaandika kingine. Kisha utachoka kusomea dirisha moja na kuandikia jingine, utaigawa skrini kwa tmux, programu inayogawa teminali na kuiacha ikiendelea hata ukitoka, na kuandika kitanzi kidogo cha `while read`. Baada ya wiki mbili una folda ya skripti saba, na ukizijumlisha umejiandikia programu ya soga. Wapo wanaoona hiyo ndiyo raha yenyewe. Siku za likizo, mimi ni mmoja wao.

Kwa mtandao wetu, tatizo kubwa zaidi ni pale unapokatika. ii ikiona seva haijibu kwa muda, inajifunga na kuishia hapo. Hairudi. Unatakiwa uizungushie kitanzi, `while true; do ii -s ... ; sleep 60; done`, na hata ikirudi haikumbuki ulikuwa chaneli zipi, kwa hiyo lazima kuwe na kitu cha kummiminia tena zile `/j` zake. Mbaya zaidi, bomba likibaki huku ii imekufa, `echo` yako itaganda ikisubiri mtu wa upande wa pili ambaye hayupo. Niliikuta ile skripti ya chelezo asubuhi moja imesimama palepale, chelezo imeisha salama tangu usiku, yenyewe inasubiri kupiga soga.

Na kuna usalama. ii haijui TLS, njia ya kuyafunga mawasiliano yasisomwe njiani. Ukiunganisha moja kwa moja, maneno yako yanasafiri uchi, na yeyote aliyeko njiani anaweza kuyasoma, kuanzia mwenye wifi ya mgahawa. Dawa ipo: unatanguliza socat au stunnel ifungue njia iliyofungwa hadi kwenye seva, kisha ii unaielekeza kwenye soketi ya hapohapo kwa `-u`. Inafanya kazi vizuri. Ila ni programu ya pili ya kuilinda isife. Nywila nayo usiipitishe kwa `echo`, maana itabaki kwenye historia ya bash kwa miezi. Tumia `-k`, ambayo huisoma kutoka kwenye kigezo cha mazingira.

ii ina ndugu anaitwa sic, mdogo kuliko yeye, chini ya mistari 250. Yeye humwaga chaneli zote kwenye mkondo mmoja, na wewe unaandika chini yake. Ukiwa chaneli moja, sawa. Zikiwa tatu ni kama kusimama katikati ya stendi. Msimbo wake ni somo zuri kwa anayejifunza C na mambo ya soketi. Kuishi humo sikushauri.

irssi: meza iliyopangwa

irssi ilitoka mwaka 1999, kazi ya Timo Sirainen, Mfini mwingine, ambaye ndiye pia aliyeandika Dovecot ya barua pepe. Ukiifungua unakuta dirisha jeusi, mstari wa kuandikia chini, na juu yake kipande kama `[Act: 2,5]`. Maana yake kuna jipya dirisha la 2 na la 5. Unabonyeza Alt na 2, umefika. Kwenye teminali ambazo Alt imemezwa na menyu, bonyeza Esc kisha namba. Hata kwenye simu, ndani ya Termux (teminali ya Android), njia hiyo inakubali.

Kila nilichokilalamikia kwenye ii, hapa mtu ameshakifanya:

`/connect -tls irc.oftc.net 6697`

na mazungumzo yamefungwa. SASL ya kujitambulisha kwa jina ulilosajili ipo ndani. Mtandao ukikatika inasubiri kidogo na kujaribu tena yenyewe, na ikirudi inaingia tena chaneli ulizokuwemo, bila kitanzi chochote. Jina lako likitajwa, namba ya dirisha inageuka rangi. Ukitumia `/network add`, `/server add` na `/channel add` kuandikisha unakopenda, kisha `/save`, siku nyingine unaandika `irssi` tu na kila kitu kinajipanga.

Mambo mawili yatakuudhi. La kwanza, haiweki kumbukumbu kwenye diski mpaka uiambie. Nilikaa nayo muda mrefu nikidhani inaandika, hadi siku seva ya kukodi ilipowashwa upya na maongezi yote ya nyuma yakaondoka nayo. Andika `/set autolog on` siku ya kwanza. Baada ya hapo utayakuta kwenye `~/irclogs`, na `grep` yako inarudi kazini kama kwenye ii, ingawa ni kwa kusoma tu.

La pili ni kelele za wanaoingia na kutoka. Chaneli kubwa hujaa fulani ameingia, fulani ametoka, mpaka maongezi yanazama. irssi inakupa shoka: `/ignore * JOINS PARTS QUITS`. Kimya kinatawala. Tatizo ni kwamba hata yule uliyekuwa ukiongea naye akiondoka huambiwi, na unaweza kumweleza tatizo lako kwa aya nne nzima wakati hayupo.

Orodha ya waliomo kwenye chaneli haionyeshi pembeni. Unaandika `/names`, au unatafuta skripti ya Perl. Binafsi sijawahi kuikosa.

WeeChat: jina dogo, nyumba kubwa

Mswahili akisoma jina hili anadhani anaitwa: wee, chat! Kwa Kiingereza cha Uskoti neno hilo lina maana ya kitu kidogo, na sijui kama bado linaistahili. Sébastien Helleu aliitoa mwaka 2003, na leo inapokea skripti za Python, Perl, Ruby, Lua na lugha nyingine kadhaa. Kushoto inaorodhesha chaneli, kulia watu waliomo, katikati maongezi, juu mada. Ukitaka skripti mpya unaandika `/script` na unachagua humohumo ndani kama dukani.

Zile kelele za kuingia na kutoka, WeeChat inazishughulikia kwa busara kuliko wote. Ukiongeza kichujio chake:

`/filter add irc_smart * irc_smart_filter *`

inaficha kuingia na kutoka kwa watu waliokaa kimya, lakini aliyetoka kuongea sasa hivi akiondoka, inakuonyesha. Ni kitu kidogo, na ndicho kilichonifanya niikalie miezi sita. Kumbukumbu za maongezi inaandika tangu mwanzo bila kuombwa. Nywila unazifungia kwa `/secure`, hazikai wazi kwenye faili la mipangilio kama zinavyokaa kwenye irssi.

Lakini sababu kubwa ya kuichagua ni simu. WeeChat inaweza kubaki kwenye seva yako ya kukodi na kufungua mlango wa pembeni, ambapo simu inaunganishwa kwa programu yake ya Android, au kivinjari kwa Glowing Bear. Unachokiona kwenye simu ni maongezi yaleyale, na yale yaliyopita ukiwa kwenye daladala yanakusubiri. irssi kwa simu ni ssh ndani ya Termux, kibodi imekula nusu ya skrini, na mtandao ukiyumba kidogo unaanza upya. mosh, mbadala wa ssh, inapunguza maumivu hayo, kwani inavumilia kuhama kutoka wifi kwenda data bila kukatika, lakini bado unasoma teminali kwa kioo cha inchi sita.

Hasara zake ni upana na mipangilio. Kwenye teminali ya safu 80, zile orodha mbili za pembeni zinayabana maongezi katikati mpaka kila sentensi inavunjika mara tatu. `/bar toggle nicklist` inapunguza. Mipangilio nayo haina mwisho. Andika `/set` uone. Kuna Jumamosi nilianza kubadilisha rangi ya mstari mmoja saa tatu asubuhi, nikaja kushtuka adhana ya alasiri.

Uchukue ipi

Uzito kwenye kompyuta usikusumbue. Zote zinakaa vizuri kwenye seva ya bei ya chini kabisa utakayokodi, na hata WeeChat yenye skripti zake ukiiweka kando ya kichupo kimoja cha kivinjari ni nyepesi. Anayekwambia uchukue ii ili kuokoa RAM hajapiga hesabu.

Kama IRC kwako ni kuuliza swali mara moja kwa wiki na kufuatilia chaneli nne tano, chukua irssi. Ndiyo ninayotumia kila siku, imo ndani ya tmux, na sijagusa mipangilio yake kwa muda mrefu sana. Kama maisha yako mengi yako kwenye simu, chukua WeeChat, vumilia ile Jumamosi moja. Kama uko chaneli ishirini na zinakuzidi, pia WeeChat, kwa sababu ya kile kichujio.

ii ichukue kama kinachoongea si mtu. Skripti, kihisi cha joto la chumba cha seva, chelezo, chochote kinachotaka kusema sentensi moja na kunyamaza. Hapo hakuna inayoifikia. Mimi ninayo mpaka leo kwa kazi hiyo, pembeni ya irssi, na jina lake la utani tofauti ili watu wasiijibu. Ichukue pia kama unataka kuielewa IRC yenyewe, kwa kuwa ii haikufichi kitu. Wiki moja nayo itakufundisha kuliko mwaka wa irssi. Kuifanya ya kila siku kwa maongezi ya kibinadamu, kwenye mtandao unaokatika mara tano kwa siku, ni kujipa ajira isiyo na mshahara.

Kwa anayetaka kuanza usiku huu: ingia kwenye seva yako, andika `tmux new -s irc`, kisha `irssi`, kisha `/connect` ile ya TLS hapo juu, `/set autolog on`, `/save`, na `/join` ya chaneli yako. Usiombe ruhusa ya kuuliza. Uliza swali lako lote kwa mstari mmoja au miwili, bonyeza Ctrl na b, kisha d, funga laptopu, kalale. Asubuhi `tmux attach -t irc`.